Samaki Ndani ya Piscine Yangu

Jumatatu, 4 septemba 1978

Leo asubui nimejitupa mu maji, samaki ikanigonga ku mudomo.

Siongope. Samaki! Tilapia za ukubwa wa kidole, siyo moja, siyo mbili, piscine muzima, bwawa yote ya kuogelea. Nikatoka ninakohoa na kutema mate. Assani, sentinelle mwenye kulinda club yetu ya kuogelea, alikuwa amekaa ku ngazi anasugua meno na kijiti.

"Assani, hii nini?"

"Samaki, Mademoiselle."

"Ninaona ni samaki! Nani ameitia?"

"Président."

Akaendelea na meno yake.

Président wa club yetu ni Citoyen Edouard, muchuuzi mwenye tumbo. Tangu nimujue hajalowesha hata kidole ya muguu mu ile maji. Anasema radio inahubiri kila siku kama kilimo na ufugo ndiyo priorité des priorités, kazi ya kwanza kupita zote, na piscine bila samaki ni maji ya bure. Maji ya bure! Na mimi niko nini? Chura?

Hii ninaiandika tu, juu nikiisema kwa sauti, Shangazi Berthe, mwenye ninakaa kwake, atanipiga na mwiko.

Jumanne, 5 septemba

Niandike vizuri, hasira isinipoteze. Mwaka jana, kule Kisangani, niliwashinda wasichana wote wa Région, jimbo letu muzima. Tuliogelea mu fleuve, ule muto mukubwa, kutoka mutumbwi huu mpaka mutumbwi ule, maji inavuta kweli, lakini mimi nimezaliwa Mahagi-Port, ku bord, kando kabisa ya ziwa, maji haiwezi kunitisha. Nilipata kombe ya rangi ya feza. Ile kombe haijalala kwetu hata siku moja. Président aliipokea mu mikono yangu palepale ku uwanja wa ndege, akaifungia mu armoire, kabati ya vioo iko mu bureau yake ya kazi. "Kombe ni ya club, Citoyenne." Bon.

Mwaka huu, mwezi wa kumi na mbili, mashindano itakuwa kulekule Kisangani, lakini mu piscine. Piscine iko na ukuta, ziwa haina. Ukifika ku ukuta unajipindua chini ya maji, unatia miguu ku ukuta, unajisukuma. Mara tatu mu mètres mia moja. Mimi ile kitu siijue. Nikifika ku ukuta ninashika, ninapumua, ninageuka polepole sawa mama mwenye kubeba ndoo ku kichwa. Mwenye kushinda atapelekwa Kinshasa kwa championnat ya nchi muzima. Mwenye kushindwa, kama ni mimi, atakaa ku soko ya Nyakasanza, ku meza ya shangazi yake, akiuzisha samaki mpaka azeeke.

Piscine mu Bunia iko moja tu. Ni hii yenye samaki.

Jumatano, 6 septemba

Nimemukimbilia Maître Athanase. Yeye ndiye mwalimu wangu, mutu wa Butembo, asubui anafundisha gymnastique ku masomo, jioni ananifundisha mimi bila kuniomba kitu. Ni yeye alinionyesha kupumua upande, juu zamani nilikuwa ninaogelea kichwa inje, macho wazi, sawa tunafanyaka kwetu kwa kuogopa mamba. Nilijua atawaka moto. Akacheka!

"Godelive, samaki haina neno. Utapita juu yao. Mvumilivu hula mbivu."

Kama Maître anasema, basi. Nimetulia nusu.

Jumamosi, 16 septemba

Leo ni salongo. Kila Jumamosi raia anafanya kazi ya serikali, hiyo tumezoea: kufyeka majani, kuziba mashimo ya barabara. Leo salongo yetu ilikuwa kubeba mavi ya ngombe na kuimwanga mu piscine. Ndiyo, mu piscine! Agronome, bwana shamba wa serikali, amesema maji ya samaki inaomba mbolea. Mimi mwenyewe, championne wa Région, nilibeba bassin mbili ku kichwa nikaimwanga mu maji yangu, juu mwenye kukataa salongo analala mu cachot ya polisi. Watu walikuwa wanaimba. Kahindo, rafiki yangu tangu masomo ya primaire, aliimba pia, kisha akaniangalia, akaacha wimbo katikati.

Maître alikuwa ku bord, anaonyesha watu pahali pa kumwanga. Ninafikiri anafanya vile kwa kuogopa wakubwa.

Nikajisugua na sabuni mpaka Shangazi akauliza kama ninataka kuondoa na ngozi.

Jumatatu, 18 septemba

Mvua.

Jumanne, 19 septemba

Mvua. Maji imekuwa kijani. Nimeogelea na mudomo ya kufunga, jaribu uone.

Ijumaa, 22 septemba

Tumbo inauma tangu juzi. Maître anasema ni woga wa mashindano. Woga! Ni mavi ya ngombe, Maître.

Jumanne, 3 oktoba

Ukuta unateleza. Majani ya kijani imeota ku ciment mpaka chini. Leo nilijipindua vizuri kabisa, kichwa chini, magoti ku kifua, miguu ikafika ku ukuta, nikasukuma, vuuu! Miguu ikateleza, mugongo ikajigonga ku ciment. Nikatoka ninalia. Ninaandika wazi kama nililia, lakini ilikuwa hasira, siyo maumivu.

Niliomba brosse nisugue ule ukuta. Assani akakataa: samaki inakula yale majani.

Maître akanifundisha njia ingine. "Tia miguu polepole. Ngojea isimame. Ikishika, ndipo usukume." Nikajaribu. Ni kweli, hivyo sitelezi. Kahindo alisimama pale mbele anapiga makofi, samaki inakimbia huku na huku chini ya tumbo yangu.

Jumamosi, 14 oktoba

Vita na Shangazi. Alinikuta ninaanika nguo ya kuogelea ku kamba.

"Hii ni nguo ao ni kitambaa ya kupanguza meza?"

"Ni ya kuogelea, Shangazi."

"Mutoto mukubwa hivi, mapaja inje, mbele ya wanaume! Baba yako alikutuma Bunia ujifunze kazi, si kuonyesha mapaja. Twende soko."

Ku soko tunauzisha muziri, tule tusamaki tudogo twa kukausha twenye kutoka mu ziwa. Tunapima na kopo ya zamani ya Shangazi. Chini yake imebonyea ndani, inabeba kidogo kuliko inavyoonekana, na wamama wote wa Nyakasanza wanaijua. Leo mama mumoja aliigeuza akaonyesha wengine: "Muangalie, hii kopo iko na tumbo ndani!" Wakacheka mpaka chozi. Shangazi akamutolea matabishi, ile konzi ya juu tunamuongezea mununuzi kisha kupima, mara mbili.

"Kopo inaweza kuwa mubaya," akaniambia kisha, "lakini matabishi usinyime mutu. Kumunyima mutu matabishi ni kumuambia asirudie tena ku meza yako."

Jumatano, 18 oktoba

Mvua na radi. Hakuna kuogelea.

Jumapili, 29 oktoba

Kisha misa, Président alisimama inje ya kanisa akatangaza: Noeli hii, club itauzisha tilapia yake ku soko ya Nyakasanza, bei ya chini, kwa faida ya raia. Watu wakapiga makofi. Shangazi alikuwa kando yangu. Niliona shingo yake inavimba.

Nyumbani akatupa kitambaa ku kiti. "Bei ya chini! Mimi ninalipa camion ya kuleta muziri kutoka ziwa, kule Kasenyi, ninalipa taxe ya meza, yeye anafuga mu piscine na mavi ya salongo, mavi ambayo mimi nilibeba ku kichwa yangu! Godelive, ile piscine ni ya kuogelea ao ya nini?"

"Ya kuogelea, Shangazi."

"Basi ogelea. Piga maji sana. Fukuza ile samaki mpaka ikonde."

"Na mapaja?"

"Mapaja ni ya Mungu. Kesho jioni hauendi soko, enda ku piscine."

Yesu Maria. Nimecheka peke yangu mu chumba.

Jumatatu, 6 novemba

Kujipindua sasa ninajua. Kahindo anasema ni muzuri kuona. Natia miguu polepole, nangojea, nasukuma. Samaki imenona, zinafika kiganja. Moja inapendaka kuuma kisigino changu. Nimeiita Président.

Jumamosi, 18 novemba

Habari: mukubwa wa michezo wa Région atapita Bunia Jumamosi inayokuja. Anataka kumuona championne akiogelea. Anataka pia kuona ufugo wa samaki, juu amesikia. Président anazunguka sawa kuku amekanyaga moto. Maji iko kijani, mukubwa hataona mapaja wala mapezi. Nilimusikia na masikio yangu akimuagiza Assani: "Maji iwe safi, blanc kabisa, nione chini. Tia ile dawa ya Wazungu ya kusafisha maji, iko mu dépôt."

"Na samaki?" Assani akauliza.

"Samaki inaishi mu maji. Maji ikiwa safi, itafurahi."

Jumamosi, 25 novemba

Nitaandika polepole.

Tulifika asubui, mimi na Kahindo. Maji ilikuwa safi kweli, mpaka ungeweza kuhesabu mistari ya chini. Na juu yake samaki yote, tumbo ku mbingu. Yote. Harufu ya ile dawa ilikuwa inachoma macho. Assani alikuwa amesimama na ndoo mutupu, anasema tu: "Aliniambia nitie. Aliniambia nitie."

Halafu Maître Athanase akaja anakimbia. Akaanguka magoti ku bord, suruali nyeupe na yote, akatia mikono miwili mu maji, akainua samaki moja kubwa.

"Samaki yangu," akasema. "Eh Mungu wangu, samaki yangu yote!"

Yangu. Nikamuangalia. Kahindo pia akamuangalia. Ile neno ilisimama pale kati yetu.

"Samaki yako, Maître?"

Akakumbatia ile samaki ku kifua, na Assani akasema chini-chini: "Ni ya wao wawili." Nusu ya Président, nusu yake. Tangu mwanzo! Ile siku nilimukimbilia ninalia, yeye anacheka, mvumilivu hula mbivu, kumbe mbivu ni yake! Ndiyo maana ya kuonyesha watu pahali pa kumwanga mavi. Ndiyo maana brosse ilikatazwa. Miezi miwili na zaidi ninakunywa mavi ya ngombe nikidhani tunateswa pamoja, mimi na yeye.

Magari ya mukubwa ikafika. Watu walikuwa wamejaa, tamtam inalia, wamama wa animation, wenye kuimba na kucheza kwa wakubwa, wamevaa pagne, vitenge vya Parti, chama ya serikali. Mukubwa akasogea ku bord, akaangalia, akafunika pua na kitambaa. "Nini hii?"

Président akanionyesha na kidole. "Ni huyu mutoto, Citoyen. Alitaka maji safi ya kuogelea, akatia dawa bila ruhusa. Wasichana wa leo."

Nikasema: "Uongo!" Nikalalamika kwa sauti yote niko nayo. "Muulize Assani! Muulize Maître!"

Assani akaangalia ndoo yake, ana watoto saba, simulaumu. Mukubwa akamuuliza Maître: "Ni kweli?"

Maître Athanase akaangalia viatu vyake. Viatu vya bluu, vya michezo, mimi na Kahindo tulivisafishaka kila Jumatatu. Aliviangalia mpaka mukubwa akachoka kungoja, akarudi ku gari.

Jumapili, 26 novemba

Maître alikuja kwetu kisha chakula. Akakaa ku mulango juu Shangazi hakumupa kiti.

"Godelive, kubali tu. Sema ulikosea, omba msamaha mbele ya comité ya club. Président atasamehe, tutapanda ndege ya Kisangani watatu, wewe, mimi na yeye, utaogelea, utashinda, watu watasahau. Nikimukasirisha, mimi nitapoteza kazi. Mukono mutupu haulambwi, unajua."

"Nikubali niliua samaki yako?"

"Ni neno moja tu."

"Basi, Maître, hiyo neno moja ungeisema jana."

Shangazi akatoka na maji ya kuosha sahani, akaimwanga karibu kabisa na viatu vya bluu. Maître akasimama, akaenda.

Jumanne, 28 novemba

Comité imekaa. Nafasi yangu mu ndege amepewa bibi ya Président, "kwa kuwakilisha wamama." Piscine imefungwa na cadenas, kufuli kubwa. Club ya kuogelea inaenda ku mashindano ya kuogelea bila mwogeleaji. Nimetupa sahani ku ukuta. Ilikuwa ya Shangazi. Akaleta ufagio.

Alhamisi, 30 novemba

Kahindo amesema na baba yake. Papa Kamate iko na camion, lori yenye kushusha maharagi Kisangani. "Championne anaingia mashindano bila kutumwa na club," amesema, "ni yeye mwenye kombe. Apande juu ya mifuko." Shangazi amesema msichana hawezi kulala njiani peke yake na wanaume wa camion, basi naye atapanda. Ameleta na vikapo vine vya muziri, juu, anasema, Kisangani watu wanakulaka pia.

Jumatatu, 4 desemba

Mambasa. Matope.

Jumatano, 6 desemba

Matope. Tumesukuma. Shangazi amesukuma pia, anatukana serikali kwa Kialur, lugha yetu ya ku ziwa, ili mutu asisikie.

Ijumaa, 8 desemba

Tumelala mu pori, camion imezama mpaka mulango. Nimejipindua juu ya mifuko ya maharagi ili miguu isisahau. Polepole, ngojea, sukuma. Muchofa, dereva wetu, anadhani nimerukwa na akili.

Jumapili, 10 desemba

Kisangani. Tulifika asubui, siku ya mashindano yenyewe, na matope mpaka mu masikio. Président na Maître walikuwa ku kivuli na Fanta ku mukono. Président aliponiona akafungua mikono: "Ah! Mwogeleaji wetu!" Nikapita sawa ninapita muti.

Waliniandika bila neno. Katika njia ya kando alikuwa Denise, msichana wa Kisangani, murefu, mukimya.

Niandike namna ilivyo.

Kati ya kuta nilikuwa mbele. Mara zote. Mukono yangu ni ya ziwa. Lakini nilifika ku ukuta wa kwanza, nikajipindua, nikatia miguu polepole, nikangojea ishike. Ukuta ulikuwa safi. Hakukuwa kitu ya kungojea, na miguu ikangojea. Denise akapita. Nikamufuata, nikamupita. Ukuta wa pili, nikajiambia Godelive, sukuma! Na miguu, miguu yangu mwenyewe, ikatua polepole, ikangojea utelezi wa Bunia. Denise akapita. Nikamupita tena. Ukuta wa tatu, vilevile. Kichwa kilijua. Miguu ilijua ingine.

Alinishinda kwa kiganja cha mukono.

Ni Denise ndiye ataenda Kinshasa. Kisha, tukiwa tunakausha nywele, aliniuliza: "Sababu gani unalala ku ukuta? Mahali pengine unanipita sawa ndege."

"Kwetu ukuta iko na majani."

"Majani?"

Nikamuelezea yote: samaki, mavi, salongo. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Akasema: "Kuja kukaa kwetu. Kitanda iko. Ule ukuta miguu yako itausahau mu mwezi moja."

Président alipita nyuma yetu akiambia watu: "Ametuangusha. Tumemupa kila kitu."

Nilitaka kumutupa mu maji. Shangazi alinishika mukono. "Hapana hapa," akasema. "Kwetu."

Jumatatu, 18 desemba

Tumerudi jana. Leo asubui Shangazi akavaa pagne yake ya Pasaka, akabeba kikapo cha muziri ku kichwa, tukaenda ku bureau ya Président. Makarani walikuwa pale, na wateja, na mulango wazi. Kombe yangu ilikuwa mu armoire ya vioo, kati ya picha na chupa ya whisky.

"Nimekuja kuchukua kombe yangu," nikasema.

"Kombe ni ya club."

Shangazi akashusha kikapo juu ya meza yake, juu ya makaratasi. "Club gani? Piscine umefunga. Samaki imeoza. Mwogeleaji umemuacha abebwe na maharagi. Club iko wapi, baba, niende niisalimie?"

Karani mumoja akakohoa ili asicheke.

"Mama, ondoa hii kitu, inanuka."

"Inanuka, ndiyo. Kama haufungui armoire, ninaweka meza yangu hapa mu mulango wako mpaka Noeli. Niko na vikapo tatu vingine inje."

Harufu ilikuwa imekwisha kujaza bureau. Président akaangalia makarani, akaangalia wateja wanaotoka na kufunika pua. Akatoa ufunguo. Akanitupia kombe, haikuwa kunipa. Niliidaka.

Jumamosi, 23 desemba

Soko imejaa, ni kesho kutwa Noeli. Kopo ya Shangazi imetupwa ku takataka. Tunapima muziri na kombe. Chini yake iko sawasawa, haina tumbo ndani, na wamama wanapanga mustari kuona. "Kombe ya Région!" wanasema. "Ya Godelive!" Wanaigeuza, wanasoma maandishi, wanaomba wapimiwe ndani yake tu. Shangazi alisema kombe yenye kukaa mu kioo hailishe mutu. Kila mununuzi ninamuwekea matabishi, konzi yote.

Camion ya Papa Kamate inarudi Kisangani kisha mwaka mupya. Denise amenitumia salamu na dereva: kitanda inangojea.

Karibu na saa sita nikainua macho, Maître Athanase. Viatu vya bluu. Alikonda. Wamama wakamupishia njia.

"Godelive," akasema polepole, "Président anataka kufungua piscine. Maji mupya. Hakuna samaki tena. Anauliza kama utarudia. Mimi pia ninauliza."

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Mambasa, juu ya mifuko ya maharagi, moja baada ya ingine. Nikachukua kombe.

"Kombe ngapi, Maître?"

Akaangalia ile kombe. Aliijua. Ni yeye aliniinua mabegani nilipoipata, mwaka jana, ku bord ya fleuve, na alikuwa analia kwa furaha. Hiyo pia ni kweli, na inaniuma kuliko mavi yote.

"Moja," akasema.

Nikaitia mu kikapo, nikajaza mpaka ku mudomo, nikasawazisha na kiganja, nikamwanga mu mufuko wake. Akaendelea kushika mufuko wazi, sawa kila mutu wa soko hii anavyofanya kisha kupimiwa, akingojea konzi ya juu. Shangazi aliangalia mukono wangu. Wamama wote waliangalia mukono wangu.

Nikaweka kombe juu ya meza.

"Mwenye kufuata?" nikasema.